Kabati la Kale la Jikoni Lihukumiwe kwa Ushahidi

Nyumba nyingi za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam hazijengwi kwa mwaka mmoja. Msingi huchimbwa, ukangoja. Kuta hupanda, zikangoja. Bati hupigwa, na familia huhamia kabla dari na lipu havijakamilika. Ndivyo hali ilivyo katika vilima vya Goba, kata ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Aghalabu jiko ndilo hukamilika mwisho. Kwa hiyo samani za jikoni huingia katika nyumba mpya zikiwa na umri wao: kabati lililorithiwa kwa wazazi walioishi Temeke, jingine lililonunuliwa kwa jirani aliyehama, rafu zilizopigiliwa kwa mabaki ya mbao za paa. Siku fedha zinapopatikana, swali huzuka: je, kabati hili litupwe au litengenezwe?

Swali hilo huonekana dogo, na kwa kawaida huamuliwa kwa mazoea. Mmoja husema kipya ndicho kizuri, akamwita kijana mwenye mkokoteni alichukue. Mwingine husema ya kale ni dhahabu, akanunua kopo la rangi na kulipaka juu ya masizi na mafuta ya miaka ishirini. Wote wawili wamekosea kwa namna moja, maana wametoa hukumu kabla ya kutazama. Kabati la jikoni ni mkusanyiko wa mbao, gundi, chuma na rangi, na kila kimoja kina tabia ijulikanayo kisayansi. Nyingi za tabia hizo zaweza kuchunguzwa kwa vyombo vilivyomo nyumbani na katika maabara ya shule. Asiyechunguza huweza kutupa mbao zilizo bora kuliko zile atakazonunua. Tena huweza, kwa nia njema kabisa, kutawanya sumu juu ya sakafu anayotambaa mtoto wake.

Mbao haikomi kunywa maji

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mbao, hata ikiwa imekauka kwa miaka hamsini, haikomi kunywa na kutoa maji. Kuta za chembechembe zake zimeundwa kwa kiasi kikubwa na selulosi, nayo huvuta mvuke kutoka hewani mpaka mbao ipatane na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, katika joto la kawaida la pwani, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 80, maji yaliyomo hufika takriban asilimia 16. Badiliko hilo huitanua mbao kwa upana wake. Urefu wake hubadilika kidogo mno.

Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe kwamba mlango wa kabati umetengenezwa kwa mbao za msindano zilizounganishwa kwa gundi, na upana wake ni sentimita 40. Mbao ya namna hiyo, ikipimwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti, hutanuka kiasi cha robo ya asilimia moja kwa kila asilimia moja ya maji yanayoongezeka ndani yake. Maji yakiongezeka kwa asilimia 4, upana huongezeka kwa asilimia 1, yaani milimita 4. Milimita nne zatosha kabisa kuukwamisha mlango.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutendeka. Mlango hukwama mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Fundi huitwa, hutoa randa yake, hupunguza ukingo mpaka mlango ufunge vizuri, hulipwa na kuondoka. Masika yakiisha mlango hunywea tena, na pale palipokuwa na ukingo hubaki mwanya ambamo mende hupita watakavyo. Kumbe mlango ule haukuwa mbovu, ila ulikuwa umepanuka kama ilivyo desturi ya mbao. Mtu mwenye busara hupima upana wa mlango na kuuandika kwa penseli upande wa ndani, akapima tena miezi ya kiangazi, ndipo aamue kama randa yahitajika.

Kosa la pili hutokana na kutoelewa kazi ya mafundi wa zamani. Milango mingi ya makabati ya kale ina fremu ya mbao nne na ubao mpana wa kati uliochomekwa katika mifereji ya fremu hiyo. Ubao ule wa kati haukutiwa gundi wala msumari, na ukisukumwa kwa kidole huchezacheza. Mwenye nyumba hudhani umelegea, akaupigilia. Kwa kweli fundi aliuacha huru makusudi ili utanuke na kunywea bila kizuizi. Ukipigiliwa pande zote mbili hauna pa kwenda, na mwishowe hupasuka katikati. Fundi yule pengine hakusoma fizikia darasani, lakini aliijua tabia ya mbao na kuiwekea nafasi.

Kuitambua mbao yenyewe

Baada ya kufahamu tabia ya mbao kwa jumla, yapasa kujua kabati limeundwa kwa mbao gani. Rangi ya nje haisemi kitu. Yatosha kukwangua mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya droo au chini ya rafu, mpaka mbao tupu ionekane. Mninga huonyesha kiini cha rangi ya kahawia au wekundu wenye mistari. Mvule huwa wa manjano ukiwa mpya, nao hugeuka kahawia kadiri miaka ipitavyo. Mkongo ni mzito na mgumu. Msindano ni mweupe, mwepesi, na pete zake huonekana wazi.

Mninga una sifa ambayo mtengenezaji wa makabati huithamini kuliko zote: hunywea kidogo kuliko mbao nyingi, kwa hiyo mlango wake hausumbui sana. Kiini chake pia huvumilia wadudu. Lakini mti huu wa misitu ya miombo hukua polepole. Uchunguzi wa pete za mti huo uliofanywa nchini Zimbabwe umethibitisha kwamba huweka pete moja kila mwaka, hivyo umri wake waweza kuhesabiwa. Na mti mnene wa kupasuliwa mbao huweza kuwa umekwisha kuishi karibu karne moja. Kabati la mninga lililotengenezwa miaka ya 1970 linaweza basi kuwa na mbao za mti ulioota kabla ya vita vya Majimaji vya mwaka 1905.

Mbao nyingi zinazouzwa leo mijini hutoka katika mashamba ya miti, kama vile misindano ya Sao Hill wilayani Mufindi. Hilo ni jambo jema kwa misitu ya asili, wala halipaswi kulaumiwa. Hata hivyo mti wa shambani ukikatwa ungali kijana huwa na kiini kidogo na sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, ambayo ina wanga na hupendwa na wadudu. Kwa sababu hiyo mtu anayetupa kabati la mninga lenye viungo vizima ili anunue la mbao changa huenda akawa amebadilishana vibaya. Nchi imekwisha kuwa na maarifa haya kwa muda mrefu: kituo cha matumizi ya mbao cha Idara ya Misitu kilichokuwa Moshi kilichunguza mbao za Tanzania, na mwaka 1967 matokeo yakachapishwa katika kitabu cha J. M. Bryce kuhusu mbao za biashara. Kasoro ni kwamba maarifa hayo hayajashuka vya kutosha hadi jikoni.

Yafaa kutaja tahadhari moja. Vumbi la mvule huwasha ngozi na huweza kuamsha pumu. Vumbi la mninga nalo huwasumbua baadhi ya watu puani na kifuani. Zaidi ya hayo, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulikwisha kuliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Hatari kubwa ni kwa wale wanaolivuta kila siku kazini, lakini hata mwenye kupiga msasa siku moja haifai aidharau barakoa.

Wadudu nao huacha ushahidi. Vitundu vidogo peke yake havithibitishi kitu, kwa maana wadudu waliovitoboa huenda walikwisha kuondoka zamani. Kinachotakiwa ni kutandaza karatasi nyeusi chini ya kabati kwa wiki mbili. Unga mpya ukianguka juu ya karatasi, wadudu wamo bado kazini.

Mbao za kiwandani

Makabati mengi ya miaka ya karibuni hayakutengenezwa kwa mbao nzima. Yameundwa kwa vipande au nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, yaani chipubodi na ile iitwayo MDF. Mbao hizi zina manufaa yake: ni bapa, ni nafuu, na hutumia mabaki ambayo vinginevyo yangechomwa. Adui yao ni maji. Zikilowa, chembe zilizoshindiliwa hurejea unene wake wa asili na kuachana na gundi. Zikikauka hazirudi zilivyokuwa, wala hakuna randa wala gundi ya kuzirudisha.

Katika nyumba za Dar es Salaam maji hayo hutoka mahali pasipodhaniwa. Kila asubuhi sakafu hupigwa deki, na kabati lililokaa moja kwa moja juu ya sakafu hunywa kidogo kila siku kupitia ukingo wake wa chini usiopakwa rangi. Baada ya miaka michache sehemu ya chini huvimba kama mkate uliotiwa chai, huku sehemu ya juu ikiwa bado nzima. Hapo si haki kulihukumu kabati zima. Sehemu iliyovimba hukatwa kwa msumeno; miguu ya mbao imara, yenye kimo cha sentimita 10 au zaidi, huwekwa chini; na kila ukingo uliokatwa hupakwa rangi au vanishi mara mbili au tatu. Lakini kama uvimbe umefika kwenye bawaba na parafujo hazishiki tena, basi kiunzi hicho kimekwisha. Milango, droo na vyuma vyaweza kuokolewa. Kiunzi na kiachwe.

Kuna jambo jingine kuhusu mbao hizi ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Gundi inayotumika sana kuzishika ina fomaldehaidi, hewa iwashayo macho na koo, ambayo mwaka 2004 wataalamu wa Wakala uliotajwa waliitangaza kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Hewa hiyo hutoka kwa wingi mbao zikiwa mpya, nayo hupungua kadiri miaka inavyopita; joto na unyevu huiongeza. Kwa kipimo hiki kabati kuukuu lililo kavu huwa na nafuu kuliko jipya linalonukia dukani. Anayenunua jipya afungue madirisha kwa wiki kadhaa, na anayekata la zamani afunike kingo zilizo wazi.

Rangi: hapa ndipo penye hatari

Hadi hapa kosa lingeleta hasara ya fedha na mbao. Katika suala la rangi kosa huleta ugonjwa. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi katika nchi mbalimbali vilitia misombo ya risasi katika rangi za mafuta, ili zing'ae, zikauke upesi na zidumu. Rangi za manjano, nyekundu na kijani kibichi ndizo zilizokuwa na desturi ya kubeba risasi nyingi. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo katika nyumba za watu mwaka 1978. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yaliunda muungano wa kuzikomesha duniani kote, na kiwango kinachopendekezwa ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika milioni ya rangi iliyokauka.

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Kwa mtoto mdogo huingia katika ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo kwa kawaida hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huipata kwa njia rahisi sana: vumbi huanguka sakafuni, mkono hugusa sakafu, mkono huenda mdomoni.

Sasa itazamwe kazi ya kawaida ya kulifufua kabati. Jumamosi asubuhi kabati hutolewa barazani. Msasa mkavu hupita juu ya rangi ya kale, vumbi jembamba hupeperuka uani, nguo zilizoanikwa hulipokea, na watoto husogea kutazama. Jioni ua hufagiliwa kwa fagio, na vumbi hupanda tena. Wengine hutumia moto kuibabua rangi, jambo lililo baya zaidi, kwa sababu joto kali hugeuza risasi kuwa moshi. Vipande vilivyobaki hutiwa jikoni kuwa kuni. Kila hatua katika mfululizo huu imefanywa kwa bidii na kwa upendo wa nyumba, na kila hatua imeongeza hatari.

Rangi yenye risasi haitambuliki kwa macho wala kwa harufu. Maabara peke yake ndiyo iwezayo kutoa jibu la uhakika. Kwa hiyo kanuni iliyo bora ni hii: rangi ya mafuta ya kale isiyojulikana asili yake ihesabiwe kuwa ina risasi. Ikiwa imeshika imara, isikwanguliwe. Isafishwe kwa sabuni na maji, kisha ifunikwe kwa rangi mpya isiyo na risasi. Ikiwa inabambuka, ilowanishwe kwanza na kusuguliwa kwa msasa wa maji, juu ya turubai au karatasi ya nailoni, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Aliyefanya kazi aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Wala mbao zenye rangi hiyo zisichomwe kamwe katika jiko la kupikia.

Na ikiwa rafu za ndani, zinazopokea vyakula na vyombo, zina rangi ya namna hiyo inayobambuka, kabati lisirudi jikoni. Huu ndio wakati wa kulibadilisha kazi baada ya kulifunika vema: liwe kabati la zana katika banda ambalo watoto hawaingii. Kubadilisha kazi ya kitu si kukidhalilisha.

Yanafanana na haya mabaki ya mbao za paa. Mbao nyingi za kuezekea hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zile zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa misombo ya shaba, kromiamu na aseniki. Juu ya paa hufanya kazi njema. Zikigeuzwa kuwa rafu ya kuwekea unga na sahani, au zikichomwa kuwa kuni, aseniki hiyo husogezwa karibu na mdomo. Nchini Marekani watengenezaji wa dawa hiyo waliacha kuiuza kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Mwenye nyumba wa Goba anayehesabu kila ubao ana haki ya kutumia mabaki yake, ila ayatumie kwa banda la nje, sio kwa rafu za chakula.

Kabati limfuate mpishi

Kabati likishapita mitihani hii, bado lafaa kuulizwa swali moja: je, linamfaa anayelitumia? Umbo la kabati la jikoni si amri ya mbinguni. Mwaka 1926 msanifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Aliziwazia hatua na mikono ya mpishi, akapanga kila rafu na droo kwa kufuata kazi. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa, na makabati yapangwayo ukutani siku hizi yana asili katika wazo hilo.

Wazo lenyewe ni jema, lakini vipimo vya kigeni haviwafai wote. Kazi nyepesi ya kusimama hutaka meza iliyo sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kazi ya nguvu hutaka chini zaidi. Kusonga ugali wa watu wanane ni kazi ya nguvu. Mama aliye mfupi anayesonga ugali juu ya kabati refu huinua mabega yake kila siku, na maumivu huyahesabu kuwa uzee. Kabati la kale ambalo sehemu yake ya chini imeoza huleta nafasi njema: wakati wa kukata sehemu iliyooza, kimo kipya kichaguliwe kwa kupima kiwiko cha mpishi. Ukarabati wa namna hii hutoa kitu ambacho duka haliuzi.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba kukarabati ni gharama, na kwamba kwa fedha zilezile kabati jipya hupatikana. Pengine ni kweli. Kabati ambalo kiunzi chake kimevimba, viungo vimeachana na rangi yake yabambuka halistahili kuokolewa, na makala haya hayalitetei. Linalotetewa ni lile ambalo halijapimwa.

Wengine hutetea ukarabati kwa hoja ya hali ya hewa ya dunia. Hoja hiyo nayo ipimwe. Nusu ya uzito wa mbao kavu, kwa kukadiria, ni kaboni. Kabati la kilo 40 lina kaboni kilo 20, ambayo ikichomwa yote hutoa kilo 73 hivi za kaboni dayoksaidi. Lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3. Kwa hiyo kulinusuru kabati moja lisichomwe ni sawa na kuokoa petroli kiasi cha lita 32. Si jambo la kupuuzwa, wala si jambo la kujisifia. Sababu zilizo na uzito zaidi ni zile zilizotajwa: ubora wa mbao za kale, afya ya watoto, na ujuzi wa mikono.

Wapo pia watakaowahofia mafundi, wale wa Keko na kwingineko, kwamba watakosa kazi. Hofu hiyo haina msingi. Kabati linalorekebishwa huhitaji fundi, tena fundi ajuaye viungo na mbao kuliko yule apigiliaye misumari tu. Mafundi wa mwambao wamekuwa wakiufanya ufundi huu siku nyingi. Huko Zanzibar na Lamu mbao za majahazi yaliyochakaa hugeuzwa kuwa meza na viti, na wanunuzi huzipenda kwa sababu ya umri wake.

Somo lililo tayari

Jambo la mwisho lawahusu walimu. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Tanzania ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, kwa nia ya kuunganisha akili na mikono. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Nia ni ileile, na kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni kilekile: vifaa havitoshi. Lakini kabati moja la kale, lililo safi na lisilo na rangi ya kutiliwa shaka, ni kifaa cha kutosha kwa muhula mzima.

Katika fizikia, kipande cha mbao hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 103 za sentigredi mpaka uzito usibadilike, kisha hupimwa tena. Kama kilikuwa gramu 58 na sasa ni gramu 50, tofauti ya gramu 8 ikigawanywa kwa 50 huonyesha kwamba maji yalikuwa asilimia 16. Katika hesabu, kanuni ya Pythagoras hukagua kiunzi: fremu ya sentimita 60 kwa 80 haina budi kuwa na ulalo wa sentimita 100, na milalo miwili isipolingana kabati limepinda. Katika kemia, kutu ya bawaba, gundi na rangi zote ni mada. Mvule nao mara nyingine huficha ndani yake mawe meupe ya kalisi kaboneti yavunjayo makali ya randa. Tone la asidi hafifu likidondoshwa juu yake hutoa mapovu. Katika biolojia kuna tofauti ya kiini na mbao nyeupe ya nje, na sababu ya wadudu kupenda moja na kuacha nyingine.

Mwanafunzi aliyepita katika mazoezi hayo atarudi nyumbani Goba, Mbagala au Tandahimba akiwa na kitu cha kuwaeleza wazazi wake. Atajua kukwangua mahali padogo kabla ya kupaka, kupima milalo kabla ya kupigilia, kulowanisha kabla ya kusugua. Atajua pia kusema hapana: kwamba rafu hii isiwekewe unga, na ubao ule usitiwe motoni. Neno hilo la hapana, likisemwa siku ya Jumamosi kabla msasa haujagusa rangi, laweza kumkinga mdogo wake na madhara ambayo daktari hawezi kuyaondoa.

Basi kabati la kale lisitupwe kwa sababu ni la kale, wala lisihifadhiwe kwa sababu hiyo. Lipewe nafasi ya kutoa ushahidi wake, na mwenye nyumba awe tayari kuusikiliza.